Mnara wa Baba, Jibini ya Mjomba

Ijumaa, 24 Mei 1912

Shule imekwisha. Kila mmoja wetu alisimama mbele ya wazazi kusema shairi bila kusoma. Nilisema mistari miwili, wa tatu ukanipotea. Nikainama kidogo kama tulivyofundishwa, nikarudi kukaa. Watu walipiga makofi ya huruma. Njiani kurudi, kwenye gari la farasi, Baba alisema, "Ulisimama wima." Kaka Emil akaongeza, "Na ukakaa wima pia."

Jumatatu naanza kazi kwa Mjomba Kaspar. Huko, Mama anasema, hakuna mtu wa kusemeshwa ila jibini.

Jumatatu, 27 Mei

Mjomba Kaspar ni kaka yake Mama na ndiye mtengeneza jibini wetu. Nyumba ya jibini ni ya ushirika wa wafugaji wote wa bonde la kijito hiki, lakini ukishavuka kizingiti neno ni lake. Alinipa viatu vya mbao, mitalawanda mipya, ikiwa bado inanukia mti uliochongwa. Inakaa kwenye msumari kando ya mlango. Viatu vya zizini vinabaki nje, na mimi nikiingia naosha mikono mpaka kwenye viwiko.

Kazi yangu ni kwenye stoo ya chini. Napangusa magurudumu ya jibini kwa maji ya chumvi, nayageuza, napangusa rafu, naanza upya. Kila gurudumu ni zito kuliko mimi, kwa hiyo nayageuza na Mjomba. Yeye huligonga kila moja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

"Umesikia?"

Nilitikisa kichwa kwamba sikusikia kitu.

"Utasikia. Usiharakishe."

Hajawahi kuajiri msichana. Alisema ananichukua kwa sababu sipigi kelele.

Jumapili, 2 Juni

Mjomba alikula kwetu baada ya kanisa. Mambo yaliharibika kabla ya kahawa.

Majira ya baridi yaliyopita nyasi kavu zilituishia mwezi wa pili. Baba aliuza ng'ombe wawili, na waliobaki walitoka nje wakati wa machipuko wakiwa mbavu tupu. Leo alitangaza mezani kwamba atajenga silo. Anataka kukatakata mahindi mabichi na kuyashindilia ndani ya mnara usioingiza hewa, yachachuke, yawe saileji, na ng'ombe wale hadi nyasi zirudi. Hataki silo ya mbao kwa kuwa inakauka na kuachia nafasi. Anataka ya matofali ya zege.

Mjomba aliweka uma chini. "Shemeji, unajua ng'ombe akila hayo maziwa yake yanafanya nini?"

"Yanakuwa mengi."

"Yanaivimbisha jibini yangu. Nimeiona. Inakaa rafuni wiki kadhaa, imetulia kama mtoto mchanga, halafu inaanza kujaa hewa. Inapasuka kama jipu. Maziwa ya mtu mmoja tu, na sufuria zima la majirani linaharibika."

"Lima nyasi zaidi, utaniambia."

"Lima nyasi zaidi."

"Wapi, shemeji? Juu ya paa?"

Emil alicheka, Mama akamkanyaga chini ya meza. Baba alisema Wanorwei wa kule mlimani, wahamiaji kama sisi, wana silo na ng'ombe wao wananenepa.

"Wanorwei!" Mjomba alisema. "Wanatengeneza jibini ya manjano isiyo na tundu hata moja. Ile si jibini, ni sabuni. Kwa sabuni, mlishe ng'ombe unachotaka."

Kisha alisema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Siku mahindi ya kwanza yakiingia kwenye huo mnara wako, maziwa yako yabaki kwako."

"Na Regula?" Mama akauliza.

Mjomba hakunitazama. "Harufu haichagui mtu. Anayekanyaga saileji hakanyagi kwangu."

Baba anaamini Mjomba atalegea kwa sababu sisi ni ndugu. Mjomba anaamini Baba atachoka kwa sababu zege ni zito. Wote wawili wananitaka niendelee kama kawaida.

Jumatano, 5 Juni

Mvua. Tumegeuza jibini.

Jumatatu, 10 Juni

Fundi amefika, Halvor Tveit, Mnorwei aliyejifunza lugha yetu kwa kujengea watu wa kwetu, mrefu, ana masharubu yenye vumbi la saruji ambalo halitoki hata akiosha. Amekuja na kalibu ya chuma ya kukodi. Unatia zege lisilo na maji mengi, unalishindilia kwa mti, unafungua, na tofali linatoka likiwa limepinda kidogo, na lina matundu mawili makubwa katikati. Juu lina mfereji. Bibi, mama yake Baba, aliingiza mkono kwenye tundu na kusema tumeuziwa hewa.

"Hewa ndiyo blanketi, Mama," Halvor alimjibu. "Bila hiyo baridi inapita ukutani, saileji inaganda kama jiwe."

"Mimi si mama yako," Bibi alisema. Lakini alimkatia soseji ya pili.

Ijumaa, 14 Juni

Siku yangu iko hivi. Kabla ya jua, maji kwenye matofali. Kisha kwa Mjomba, maji ya chumvi kwenye jibini. Jioni, maji tena kwenye matofali. Tofali likikauka haraka linakuwa bovu, kwa hiyo nayafunika kwa magunia na kuyalowesha. Emil amenipa jina la Yaya wa Mawe.

Jumamosi, 22 Juni

Leo nimesikia. Mjomba aligonga gurudumu, likatoa sauti nzito iliyojaa. Aligonga la pili, sauti ikawa na kitu kama pengo ndani yake. Nilinyoosha kidole kabla sijajua kwamba nimenyoosha.

"Hilo," Mjomba alisema. "Hilo lina ufa ndani." Akaniangalia muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake.

Jumatano, 26 Juni

Msingi umechimbwa chini zaidi ya pale baridi inapogandisha ardhi. Katikati wamesimamisha nguzo yenye mkono wa mbao unaozunguka. Ncha ya mkono inapogusa ndipo tofali linapokaa, hivyo duara haliwezi kwenda kombo. Baba aliuzungusha mara nyingi bila sababu.

Jumanne, 9 Julai

Joto kali. Mjomba alipita na gari la mapipa ya maziwa, akasimama, jambo ambalo hajafanya tangu ile Jumapili. Alitembea katikati ya matofali yangu mikono ikiwa nyuma. Aligonga moja kwa kifundo cha kidole, vilevile kama anavyogonga jibini. Akagonga jingine. La tatu alirudia mara mbili.

"Hili limekufa," alisema, akalipiga teke dogo. Likavunjika.

Baba alikuja mbio uso umemwiva. "Umekuja kunivunjia, shemeji?"

Halvor aliokota kipande, akakivunja tena kwa vidole, kikamwagika kama mkate mkavu. "Yuko sahihi. Jua limelila. Haya yote ya mwisho wa safu tupeni."

Mwisho wa safu ni pale ambapo magunia hayakutosha. Baba alianza kuyabeba kuyatupa. Mjomba alipanda gari akaondoka. Sikujua nifikirie nini. Kama angetaka mnara uanguke, angelinyamazia tofali lile.

Alhamisi, 18 Julai

Ukuta umenipita kichwa. Katika kila kozi, yaani kila safu ya matofali, Halvor analaza nondo ndani ya mfereji, anaizungusha mnara mzima, ncha anazipishanisha na kuzikunja kama kulabu, halafu anafunika kwa saruji. Kozi za chini anaweka mbili mbili. Baba alimuuliza kwa nini atumie chuma chote hicho wakati zege lenyewe ni gumu.

"Tofali linajua kubebeshwa, halijui kuvutwa," Halvor alisema. "Mahindi mabichi yakishiba maji yanasukuma nje, na chini yanasukuma zaidi. Kuvutwa ni kazi ya nondo."

"Na nikiziruka kozi chache za juu?"

"Basi utafute fundi mwingine, na umweleze mkeo pa kukuokota."

Nondo zimewekwa kote.

Ijumaa, 19 Julai

Majirani wanauita mnara Kanisa la Elmer, yaani la ukoo wetu. Wanauliza kengele inakuja lini.

Jumamosi, 3 Agosti

Kozi ya mwisho. Halvor alitembea juu ya ukuta kama paka. Mama hakutoka nje kutazama.

Jumatano, 7 Agosti

Tumefanya kosa, na kosa ni la Bibi, ingawa tulilifanya wote.

Halvor alikwenda kwao kwa siku mbili. Bibi alichungulia mlango wa chini wa silo, akaona ukuta wa kijivu, akashika kiuno. "Mtaweka chakula humu? Hata nguruwe wangu wanaishi mahali peupe." Kwetu kila machipuko tunapaka chokaa zizi, banda na stoo ya viazi, na Bibi ndiye msimamizi tangu kabla Baba hajazaliwa. Alimwagiza Emil achanganye chokaa, mimi nishike brashi ndefu, Mama ashike ngazi. Baba alipita akaona, akasema imependeza. Ilipendeza kweli. Ukisimama ndani ukatazama juu ilikuwa kama kusimama ndani ya kikombe cha maziwa.

Halvor alirudi jioni hii. Alichungulia, akavua kofia.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," Bibi alisema. "Hakuna haja ya kushukuru."

"Mama, saileji ni chachu kama siki. Inakula chokaa. Itaibandua yote, ichanganyike na chakula cha ng'ombe, na tofali libaki uchi linywe maji."

Bibi alikaa juu ya ndoo. Akasema, "Ningeambiwa."

"Ningeulizwa," Halvor alisema.

Ijumaa, 16 Agosti

Bado tunakwangua chokaa. Inaingia machoni. Kwa Mjomba naosha nywele kabla ya kushuka stoo.

Jumanne, 27 Agosti

Ukuta wa ndani sasa umepakwa saruji nyepesi mara mbili, laini. Tumepoteza karibu wiki tatu, na mahindi hayatusubiri.

Jumapili, 1 Septemba

Bwana Knobel, mwenyekiti wa ushirika, alikuja mchana akakataa kukaa. Kujaza silo si kazi ya familia moja. Inahitaji wa kukata shambani, wa kupakia, wa kulisha mashine, wa kukanyaga ndani. Kwetu kazi za namna hiyo hufanywa kwa kupokezana. Baba alipura ngano ya Knobel mwezi jana, ya Blum pia, na ya watu wengine wote wa kijito.

"Balz, hakuna atakayekuja," Knobel alimwambia Baba. "Tumekubaliana wote. Si chuki."

"Si chuki. Ni nini basi?"

"Ni maziwa. Ukianza wewe, mwakani wataanza wawili, na Kaspar atapika nini? Sote tunakula kwenye sufuria lile."

Baba alimsindikiza hadi langoni na kumfungulia. Kisha alikwenda kusimama ndani ya mnara. Nilisikia akikohoa, na kikohozi kikapanda hadi juu na kurudi.

Sijawahi kumchukia Bwana Knobel. Nilijaribu leo, nikashindwa. Anayosema kuhusu sufuria ni kweli.

Ijumaa, 6 Septemba

Mjomba alinisemesha stooni bila kugeuka, akipangusa.

"Una sikio, Regula. Emil hana, mimi mwenyewe umri wako sikuwa nalo. Machipuko yakija nitakuweka kwenye sufuria. Utashika kinubi." Kinubi ni fremu ya nyuzi anayokatia maziwa yaliyoganda. Hakuna anayekigusa ila yeye.

Nilisema, "Asante, Mjomba." Nadhani nilisema. Huenda nilitikisa kichwa tu.

"Na kule kwenu, nani atakanyaga?"

Nilichovya kitambaa tena kwenye maji ya chumvi. Alingoja, kisha tukageuza gurudumu.

Jumamosi, 14 Septemba

Usiku kulikuwa na baridi. Majani ya maboga bondeni yamekuwa meusi pembeni. Mahindi bado hayajaguswa.

Jumanne, 17 Septemba

Halvor amekuja kutazama mlango wa mnara na akakuta mahindi bado yamesimama. Alimwambia Baba kwamba mashine ya kukatakata ya mlimani, na injini yake ya mvuke, ni mali ya mjane aitwaye Ragnhild Bakke, na kwamba watu wake wanaweza kuja.

"Mwambie basi," Baba alisema.

"Mimi ni fundi tu. Yeye hutaka kuombwa na mwenye shamba. Hivyo ndivyo alivyo."

Baba Kiingereza chake kinatosha kununulia misumari, na Kinorwei hajui. Emil ana ulimi, lakini majira ya joto yaliyopita alipigana kwenye dansi na kijana mmoja wa huko, na Halvor alisema kijana huyo ni mtoto wa Bi Ragnhild. Emil akawa anatazama kucha zake. Wote wakanigeukia, na Bibi ndiye aliyesema: "Huyu amesomeshwa bure?"

Jumatano, 18 Septemba

Nilikwenda na farasi wetu jike mweupe. Njia nzima nilikuwa najisemea maneno kwa Kiingereza cha shuleni, na nilipofika juu ya mlima sikuwa na hata moja.

Bi Ragnhild alikuwa uani akichuna bata. Ni mwanamke mpana, mikono ina manyoya hadi mabegani. Mlangoni kwake palikuwa na silo mbili, zote za matofali kama yetu.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Elmer. Wa mnara mpya."

"Aa, wa chokaa!" Alicheka mpaka bata akamponyoka. "Halvor ametusimulia. Bibi yako bado mzima?"

Nilisema mzima. Nikasimama. Nilijua mstari wa tatu unanipotea tena, na nilijua kwamba safari hii hakuna mahali pa kurudi kukaa. Mbele yangu bata alikuwa amelala vumbini, nusu ana manyoya, nusu hana. Nilimtazama yeye na nikamsemesha yeye. Nilisema mahindi yetu yataungua na baridi. Nilisema majirani hawaji, na nikaeleza kwa nini, na kwamba si watu wabaya. Nilisema baba yangu anawaomba.

"Baba yako anaomba, au wewe?"

"Sote."

"Ndugu zake wa damu hawaji, ila sisi wa sabuni ndio tuje?" Kumbe wanajua tunavyoiita jibini yao. Nilihisi masikio yanawaka.

"Ndiyo," nilisema.

Alimwokota bata, akampangusa. "Kesho basi, kabla anga halijasafika na kuleta baridi. Mnatulisha, na chakula cha moto, si mikate mikavu. Wanaume wa shambani ninao. Wa kukanyaga sina. Nani wenu atakanyaga?"

Mama ana goti bovu. Emil na Baba watakuwa kwenye magari. Nililijua swali hili tangu mwezi wa sita, na kila mara nililiacha limwangukie mtu mwingine.

"Mimi," nilisema.

Halikuwa neno kubwa. Bi Ragnhild alirudi kwa bata wake.

Alhamisi, 19 Septemba

Walifika na injini ikifoka moshi kabla hatujamaliza kukamua. Walikuwa wanaume wanane, Bi Ragnhild, na yule kijana wa dansi, ambaye alimpa Emil mkono akamwambia, "Meno yako yalipona?" Emil akasema, "Yapo yote. Ya kwako?" Hayo yakaishia hapo.

Mashine inakata, feni inapuliza, mahindi yanapanda kwenye bomba na kumwagika ndani kutoka juu kama mvua ya kijani. Mimi nilikuwa chini ya mvua hiyo, nimefunga kitambaa kichwani. Bi Ragnhild alipiga kelele kupitia mlango: "Pembeni, binti! Katikati patajishika penyewe. Kanyaga pembeni, ukutani, hewa isibaki!" Nikazunguka. Ukuta ulikuwa upande wangu wa kulia, nikazunguka mpaka kizunguzungu, kisha nikageuka nao ukawa kushoto. Nilipita matofali ambayo niliyamwagilia mwenyewe. Mwanzoni niliyatazama. Baadaye sikutazama chochote. Sakafu ilikuwa inapanda na mimi napanda nayo, milango inazibwa chini yangu mmoja mmoja, na anga lile la duara linakaribia.

Mchana Bibi aliwapa Wanorwei supu, soseji, viazi vya kukaanga, na mikate ya mapeasi. Walikula kimya mpaka mzee mmoja akauliza, Halvor akitafsiri, kama supu nayo imepakwa chokaa. Bibi alisema ya kwake ndiyo, kwa sababu amekaa karibu na ndoo. Wakapiga meza kwa kucheka. Bi Ragnhild alimwambia Mama kwamba nyumba yao ya jibini inapokea maziwa ya saileji, haichagui, na kwamba mtengenezaji wao analia kila siku hana mikono ya kumsaidia. Mama alisema, "Ndiyo," kisha akaenda kuongeza kahawa.

Alasiri, nikiwa karibu na juu, nilichungulia ukingoni. Gari la Mjomba lilikuwa limesimama barabarani. Alikuwa amekaa, hatamu mkononi, anatazama. Bila shaka aliona kichwa changu. Niliinua mkono kidogo, na yeye hakuinua wake. Farasi wake alitingisha shingo, wakaenda.

Tulimaliza jua likiwa mitini. Chini ya mlango wa kwanza maji ya kijani yalikuwa yanachuruzika. Baba aliyaona, akawa mweupe. Alikwenda kulaza viganja ukutani, pale ambapo mzigo wote unasukuma, akatafuta ufa kwa vidole kama mtu kipofu. Halvor alimwacha azunguke mnara mzima.

"Je?" akamuuliza.

"Hakuna," Baba alisema. "Hakuna kitu."

"Chuma kimeshika," Halvor alisema, akaomba soseji.

Ijumaa, 20 Septemba

Baridi kali usiku. Shamba ni jeupe, lakini shamba ni tupu.

Nilioga mara mbili, nikaosha nywele kwa siki, nikavaa gauni la kanisani. Mjomba alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Sikufika karibu naye.

"Ulikanyaga."

"Ndiyo, Mjomba."

"Ningekudanganya nikisema nimekasirika," alisema. "Lakini sheria ni hiyo. Nimewakatalia wanaume wazima."

"Najua."

"Rudi nyumbani, mwanangu."

Mitalawanda ilikuwa kwenye msumari nyuma yake. Mapipa yetu ya asubuhi alishayarudisha kwenye gari la Emil, mifuniko haijafunguliwa.

Jumamosi, 21 Septemba

Nguruwe wamekunywa maziwa.

Jumatatu, 30 Septemba

Tumepatana na Wanorwei. Emil anapeleka maziwa mlimani kila siku. Ni mbali na farasi anachoka, ila Emil hachoki. Yule kijana ana dada.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naamka saa ileile, na hakuna cha kumwagilia wala cha kugeuza. Mikono yangu imelainika, chumvi imetoka. Bibi amenifundisha kisigino cha soksi. Nimefuma visigino vingi.

Jumatano, 30 Oktoba

Tumefungua silo. Tabaka la juu lilikuwa jeusi limeoza, kama Halvor alivyosema, tukalitupa. Chini yake ilikuwa ya rangi ya dhahabu, ya moto kidogo, na harufu yake ni ya tofaa lililosahauliwa na mkate wa nafaka ya rai unaoumuka. Nilikuwa nimejiandaa kuichukia. Ng'ombe wetu mkubwa, Bless, alinusa, akarudi nyuma, akanusa tena, kisha hakuinua kichwa.

Mama ameendelea kwenda kwa kaka yake kila Jumapili baada ya kanisa. Haniambii wanazungumza nini.

Jumamosi, 16 Novemba

Nyumba ya jibini imefungwa kwa majira ya baridi. Leo Mjomba anagawa magurudumu ya wanaushirika. Hatukungoja kitu.

Alikuja mwisho, kukiwa karibu na giza. Emil na Baba walilishusha gurudumu, na Baba alisema, "Shemeji, sisi si wanaushirika tena."

"Maziwa ya mwezi wa sita yalikuwa yenu," Mjomba alisema. "Sikuibi mimi."

Aliniita kwa kidole. Akaligonga gurudumu, akangoja. Niligonga pia. Lilikuwa limejaa, halina pengo popote, na chini ya ukingo niliona alama ya chumvi mahali ambapo kitambaa changu hukwaruza.

"Zima," nilisema.

"Zima," alisema. Kisha alikwenda kwenye silo, akavua glovu, akaigonga kwa kifundo cha kidole, chini, kisha juu kidogo, kichwa kimeinama. Baba alikuwa anasubiri kama mtoto anayesahihishiwa hesabu. Mjomba alizunguka hadi upande wa pili, akarudi.

"Hamna tofali lililokufa," alisema.

"Ulituvunjia lililokuwepo," Baba alisema.

Ndipo alipotoa kifurushi chini ya kiti cha gari. Ilikuwa mitalawanda yangu, imefungwa kwa gazeti. Ameipaka mafuta. Nilidhani ananirudishia ili jambo liishe, na nilisema asante.

"Dada yangu ananiambia kule mlimani hawana mikono," alisema. "Utaihitaji. Sakafu zao zinateleza, hawajui kumwaga maji." Akavaa glovu. "Jibini ya manjano! Utasoma kutengeneza sabuni."

"Ndiyo, Mjomba."

"Lakini sufuria ni sufuria, na kinubi ni kinubi. Wakikuuliza umejifunzia wapi, waambie."

"Nitawaambia."

"Kwa sauti, Regula. Si kama lile shairi."

Alipanda gari lake. Hakula kwetu, na hakuingia ndani. Kabla ya kushika hatamu aliinusa glovu yake, ambayo sasa ilinuka saileji, akaivua, akaiacha juu ya nguzo ya lango letu.

Jumapili, 17 Novemba

Theluji ya kwanza. Baba ametundika glovu mlangoni mwa silo na hataki mtu aiguse. Kesho napanda mlimani na Emil. Mitalawanda iko kwenye msumari, upande wetu wa mlango.